Usiuze Shamba kwa Ajili ya Sindano ya Seli: Sauti, Kovu na Mchango wa Msikitini



Sifa zote njema anazistahiki Mwenyezi Mungu, aliyemuumba mwanadamu na akamfundisha kubainisha. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), ahli zake na masahaba zake wote.

Ama baada ya hayo.

Ndugu zangu, nimeletewa swali ambalo nimeona nisilijibu faraghani, kwa sababu linawahusu wengi. Yuko mwalimu wa madrasa, baba wa familia, aliyeugua sana akalazwa na mpira wa kupumulia kooni siku kadhaa. Alhamdulillah, ugonjwa aliupona. Sauti haikurudi. Akisoma Fatiha, mtu wa safu ya pili hamsikii. Madaktari wamemwambia nyuzi zake za sauti zimeingia kovu.

Sasa ametumiwa tangazo la kliniki moja ya ng'ambo. Linasema wanachoma sindano ya "seli shina" kooni na sauti inarudi kama ya kijana. Bei ni ya dola. Familia inataka kuuza shamba, na pesa itakayopungua ichangwe misikitini baada ya swala ya Ijumaa. Wanauliza mambo mawili: je, tiba hii ni halali? Na je, maimamu tutangaze mchango?

Jawabu langu kwa ufupi: Tiba yenyewe kimsingi ni halali, na elimu iliyo nyuma yake ni elimu ya kweli. Lakini mchango huo mimi sitautangaza, na shamba lisiuzwe. Nakuomba usome mpaka mwisho kabla hujanihukumu, maana najua wapo watakaosema shekhe hana huruma.

KWANZA: IJUE NEEMA YENYEWE

Sauti tunaitumia kutwa nzima na hatuijui. Weka kidole chako kwenye kile kifundo cha koo, useme "aaa". Huo mtetemo unaousikia unatoka kwenye nyuzi mbili ndogo zilizolala ndani ya koromeo. Kwa mwanamume mzima kila mmoja una urefu wa kama sentimita mbili hivi, na kwa mwanamke ni mfupi zaidi. Pumzi ikipanda kutoka mapafuni huzitikisa: kwa mwanamume zaidi ya mara 100 kwa kila sekunde moja, kwa mwanamke karibu mara 200. Piga hesabu, ndugu yangu. Ukisoma Qur'ani dakika kumi mfululizo, nyuzi zako zimegongana zaidi ya mara 60,000. Nani kati yetu aliwahi kushukuru kwa hilo?

Tunasema "nyuzi", lakini si uzi kama wa gitaa. Katika miaka ya 1970 daktari wa Kijapani, Minoru Hirano, alieleza kwamba uzi wa sauti umejengwa kwa matabaka. Ndani kabisa kuna msuli. Juu yake kuna tabaka gumu kidogo kama kano. Juu ya hilo kuna tabaka laini mno, mfano wa uji mzito au ute wa yai. Kisha utando mwembamba wa juu. Ule utando na ule ulaini ndio unaocheza mawimbi juu ya msuli, kama shuka jepesi linavyopepea juu ya kamba. Sauti nzuri ya mwadhini, ya msoma kasida, ya mama anayebembeleza mtoto, yote imetoka kwenye ulaini huo mwembamba.

Ndiyo maana Uislamu umeipa sauti heshima yake. Abdullah bin Zaid (R.A.) alipooteshwa maneno ya adhana, Mtume (S.A.W.) alimwelekeza amfundishe Bilal, kwa kuwa Bilal alikuwa na sauti bora kuliko yake. Zingatia: mwenye ndoto alikuwa mwingine, mwenye sauti akapewa kazi. Na Nabii Musa (A.S.) alipotumwa kwa Firauni, katika mambo ya mwanzo aliyoyaomba ni afunguliwe fundo la ulimi wake ili watu wamfahamu, na apewe ndugu yake Harun awe msaidizi. Basi mwalimu anayelia kwa kupotelewa na sauti halilii jambo dogo. Tusimwambie "mbona unapumua, shukuru tu".

PILI: KOVU NI NINI, NA KWA NINI ASALI HAILIONDOI

Ukijikata mkononi, kidonda kinapona lakini mahali pale ngozi inakuwa ngumu na haivutiki. Uzi wa sauti nao ni hivyo hivyo. Ukijeruhiwa na mpira wa kupumulia, au upasuaji, au mionzi ya kutibu saratani, au pigo la koo, au vinyama vinavyoota na kukatwa mara kwa mara, mwili hujaza mahali pale kwa nyuzinyuzi ngumu za kolajeni zilizopangika ovyo. Ule ulaini unapotea. Shuka limekuwa turubai, halipepei tena. Mgonjwa anasukuma pumzi kwa nguvu, sauti inatoka ya kukwaruza, dhaifu, na jioni hana kitu.

Hapa ndipo watu wanapoanza kupewa tangawizi, ndimu na asali. Asali ni tiba na Qur'ani imeitaja kuwa ndani yake mna ponyo, hilo hatulibishi. Lakini fahamu jinsi Mola alivyopanga njia: unapomeza, koromeo hufungwa, chakula kikapita nyuma yake kwenda tumboni. Kingegusa nyuzi za sauti ungepaliwa. Kwa hiyo asali inalainisha koo, inatuliza kikohozi, lakini kovu haifiki kuligusa. Usimlaumu mgonjwa kwamba "hakunywa kwa yakini".

Na jambo la muhimu zaidi: si kila aliyepwelewa na sauti ana kovu. Walimu wetu wengi wa madrasa, waimbaji wa kasida na wauzaji wa sokoni wana uchovu wa nyuzi, uvimbe, au vinundu vinavyotokana na kupiga kelele kila siku. Hayo mara nyingi yanapungua au kwisha kwa kupumzika na kufundishwa namna ya kutumia sauti. Kuyatofautisha ni lazima daktari wa masikio, pua na koo aangalie kwa kamera. Wana hata taa maalumu ya kumetameta inayofanya mtetemo uonekane polepole, ili aone wapi wimbi limekwama. Hawezi mtu kuligundua kovu kwa kusikiliza ujumbe wa sauti uliotumiwa kwenye simu. Kliniki iliyokupa bei kabla haijaona koromeo lako imekwisha kukuonesha inachokitafuta.

TATU: HII TIBA YA SELI IMEFIKIA WAPI?

Nimejitahidi kuisoma habari hii na kuwauliza wenye elimu yake, kwa sababu haifai kutoa hukumu juu ya jambo usilolielewa. Wazo lenyewe ni hili: kovu limekuja kwa sababu mwili ulijenga vibaya, basi tupeleke mahali pale seli zinazojua kujenga vizuri.

Huko Marekani, Los Angeles, madaktari wa chuo kikuu cha UCLA walichukua kipande kidogo cha nyama ya ndani ya shavu la mgonjwa mwenyewe, wakazikuza seli zake maabara kwa wiki kadhaa, kisha wakamchoma kwenye nyuzi za sauti kwa awamu tatu. Taarifa yao ya mwaka 2011 ilikuwa ya wagonjwa 5. Baadaye likafanyika jaribio lililolinganisha seli hizo na sindano ya maji ya chumvi. Dalili njema zilionekana, lakini wagonjwa wote pamoja hawakufika hata thelathini.

Huko Sweden, taasisi ya Karolinska mjini Stockholm ilitoa mwaka 2020 taarifa ya wagonjwa 16. Wao walichukua seli kutoka kwenye uboho wa mfupa wa mgonjwa mwenyewe, wakazikuza, wakalikata kovu, kisha wakachoma seli mahali pale. Waliwafuatilia mwaka mzima. Hakutokea madhara makubwa, na wengi wao, ingawa si wote, walipata nafuu. Hizi ni habari za kufurahisha, alhamdulillah. Lakini tazama kwa jicho la mtu mwenye akili: hapakuwa na kundi jingine lililokatwa kovu bila kupewa seli. Je, nafuu ilitoka kwenye seli, au kwenye kule kukatwa kovu, au kwenye vyote viwili? Watafiti hawajifichi, ndiyo maana wanaliita jaribio la hatua za mwanzo.

Na huko Wisconsin, Marekani, mwaka 2015 timu ya Nathan Welham ilichukua seli kutoka kwenye nyuzi za sauti za marehemu mmoja na za wagonjwa wanne waliokuwa wameondolewa koromeo, wakaotesha utando mpya mzima. Wakaupandikiza kwenye koromeo la mbwa aliyekwisha kufa, wakapuliza hewa, na sauti ikatoka. Subhanallah! Wapo watakaoshtuka kusikia mbwa. Hakuna mbwa anayewekwa ndani ya mtu hapa. Koromeo lile lilikuwa chombo cha kupimia tu. Lakini kutoka kwenye meza ya maabara mpaka kwenye koo la mwalimu wetu ni safari ndefu.

Huo ndio ukweli wake. Ni elimu ya kweli, wanaoifanya ni watu makini, na wagonjwa waliopitia wanahesabika kwa makumi, si kwa maelfu. Bado ni utafiti. Haijawa dawa ya kuuzwa dukani.

NNE: HUKUMU YA DINI

Mtume wetu (S.A.W.) ametuamrisha kujitibu na akatufundisha kwamba hakuna maradhi yaliyoteremshwa bila dawa yake. Kwa hiyo anayetafuta tiba ya sauti yumo ndani ya Sunna.

Kuhusu seli, wanavyuoni hawakuliacha. Baraza la Fiqhi la Jumuiya ya Ulimwengu wa Kiislamu lilikutana Makka mwezi Desemba 2003 na likalizungumza suala la seli shina. Muhtasari wake: kuchukua seli kwa mtu mzima kwa ridhaa yake, pasipo kumdhuru, kwa ajili ya tiba au utafiti, inajuzu. Kuchukua kwenye kitovu na kondo la nyuma la mtoto baada ya kuzaliwa, inajuzu pia. Kilichokatazwa ni kama kutoa mimba kwa makusudi ili kupata seli, au kutengeneza kiumbe kwa kunakili ili achunwe. Basi seli ya shavu lako au uboho wako, ikikuzwa na kurudishwa kwako mwenyewe, haina tatizo kwa asili yake.

Kwa hiyo anayekuja kusema "hii ni haramu, ni kuchezea maumbile ya Mungu", mwambie taratibu. Kuziba kidonda si kubadili maumbile. Ni kurudisha kilichoharibika.

TANO: KWA NINI BASI NAUKATAA MCHANGO?

Kwa sababu uhalali wa kitu ni jambo moja, na uaminifu wa anayekiuza ni jambo jingine. Nyama ya mbuzi ni halali, lakini huli uliyouziwa gizani na mtu asiyejulikana.

Utafiti wa kweli wa tiba mpya kwa kawaida haumwuzii mgonjwa sindano. Unampokea baada ya kumchunguza, unamweleza hatari, unamwekea sahihi ya ridhaa, unamfuatilia, na kamati ya maadili iko juu ya kichwa cha daktari. Hapa kwetu Tanzania, utafiti wa namna hiyo lazima upate kibali cha maadili cha Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, na majaribio ya dawa yapitie pia kwenye mamlaka ya dawa na vifaa tiba, yaani TMDA. Kliniki inayomwambia kila mpigaji simu "njoo, utapona, leta dola" haifanyi utafiti wala haitoi dawa iliyothibitishwa. Imesimama katikati, mahali ambapo hakuna anayewajibika.

Mtanisema, "Shekhe, wewe unaogopa tu." Sawa, chukueni mifano miwili iliyotokea.

Wa kwanza ni wa Florida, Marekani. Mwaka 2017 jarida kubwa la kitabibu la huko lilitoa habari za wanawake watatu wazee, waliokuwa na macho yenye uoni hafifu. Kliniki iliwachoma machoni seli zilizotolewa kwenye mafuta ya miili yao. Wakapofuka au wakakaribia kupofuka. Shughuli ile ilikuwa imeorodheshwa kwenye daftari la serikali la tafiti, na bado wagonjwa walitozwa pesa. Basi hata ukioneshwa neno "utafiti" kwenye skrini, usiridhike. Seli zilikuwa zao wenyewe, kutoka miilini mwao, na madhara yakawafika.

Wa pili unaligusa koo lenyewe. Mwaka 2011 daktari mpasuaji Paolo Macchiarini, akiwa Karolinska hiyohiyo niliyoitaja, alianza kuwawekea watu bomba la hewa la plastiki lililopakwa seli za uboho wao. Dunia nzima ilimshangilia. Mgonjwa wa kwanza alikuwa ndugu yetu wa Kiafrika, raia wa Eritrea aliyekuwa akisoma Iceland. Huko Sweden aliwafanyia watu watatu, na wote watatu walifariki baadaye. Makala zake zikafutwa, na mwaka 2023 mahakama ya rufaa ya Sweden ikamhukumu kifungo cha miaka miwili na nusu. Msije mkachanganya: wale wa utafiti wa nyuzi za sauti ni watu wengine na njia nyingine. Ila funzo ni hili: kama jina kubwa kiasi hicho, katika hospitali kubwa kiasi hicho, lilipita bila kuhojiwa mpaka watu wakafa, wewe unamhoji nani kwenye kliniki ambayo unaijua kwa video ya dakika mbili?

Mtume (S.A.W.) alishatuwekea msingi katika hadithi iliyopokewa na Abu Daud na wengineo: anayewatibu watu na hajulikani kwa elimu ya tiba, akidhuru, dhamana ni yake. Sasa niambie, kliniki ya ng'ambo ikimfungia koromeo mwalimu wetu, akawa hata kupumua kwa shida, dhamana hiyo utaidai wapi? Namba ya simu imezimwa, shamba limeshauzwa.

Na sisi maimamu je? Tukisimama mimbari tukasema "changieni", mama anayeuza vitumbua anatoa elfu yake akiamini tumechunguza. Ile elfu ni amana. Msikiti haukuwekwa uwe dalali wa matangazo ya kwenye simu.

SITA: "LAKINI UNAMKATISHA TAMAA"

Hoja hii ni nzito, nami naiheshimu. Mtu aliyekwama hukamata unyasi. Wengine wanasema: pesa ni yake, mwili ni wake, mwacheni ajaribu.

Nasema: tamaa ya kweli haiuzwi kwa dola. Kumwambia mgonjwa ukweli kwamba elimu hii inakuja na haijafika si kumkatisha tamaa. Kumkatisha tamaa ni kumwacha auze shamba, arudi bila sauti na bila shamba, kisha aseme dua hazijibiwi. Na koromeo si mahali pa kujaribia. Ni njia ya pumzi. Kovu likiongezwa juu ya kovu, hata wale watafiti wa kweli watakapofungua mlango, huenda yeye akawa hafai tena kupokewa.

Na kusema "mwili ni wake" si maneno yetu sisi. Mwili ni amana, na mali ni amana, na watoto wanaolitegemea shamba lile nao ni amana.

SABA: ULIZA HAYA KABLA YA KUTOA HATA SENTI

1. Nani ameiona koromeo kwa kamera, na ameandika nini? Jina la ugonjwa liwe kwenye karatasi.

2. Seli zinatoka wapi? Kwangu mwenyewe, kwa mtu mwingine, au kwa mnyama? Zinakuzwa maabara gani?

3. Wagonjwa wangapi wenye kovu la nyuzi za sauti, si wa magoti wala wa uzuri wa ngozi, mmewatibu, na matokeo yao yamechapishwa wapi?

4. Kibali cha serikali na cha kamati ya maadili kiko wapi? Nipe namba yake niihakiki.

5. Kama ni utafiti, kwa nini ninalipa?

6. Nikidhurika nikiwa nimerudi nyumbani, nani atanitibu na kwa gharama ya nani?

Kliniki ikikasirika kwa maswali haya, jibu umelipata.

NANE: TUFANYE NINI SASA?

Mgonjwa, nenda kwa daktari wa masikio, pua na koo katika hospitali ya rufaa. Yeyote mwenye sauti iliyokauka zaidi ya wiki tatu asikae nyumbani, hasa mvutaji wa sigara, maana wakati mwingine ni saratani, na ikiwahiwa inatibika vizuri zaidi. Kwa mwenye kovu, zipo njia ambazo madaktari wanazitumia: mazoezi ya tiba ya sauti, sindano za dawa ya kupunguza uvimbe na ukakamavu, kujaza uzi uliopungua kwa mafuta ya mwili au kwa jeli ya hialuroni ili nyuzi zikutane. Haziondoi kovu lote, hilo tuseme kweli. Lakini nyingi humrudishia mtu sauti ya kumtosha kuongea na wanawe. Anza hapo kabla ya kukimbilia mbali. Acha moshi, kunywa maji, usinong'one kwa kulazimisha, usipige kelele juu ya kelele.

Na ukifika wakati daktari wako akakuambia ipo hospitali ya chuo kikuu inapokea wagonjwa katika jaribio lenye vibali, basi mtake ushauri Mola wako kwa istikhara, uliza maswali sita, na uende. Hapo mimi mwenyewe nitasimama kukuombea nauli.

Walimu na wazee wa madrasa, kinga iko mikononi mwetu. Mwalimu mmoja, watoto sitini, chumba cha bati, mvua inanyesha, na tunataka asikike! Nunueni kipaza sauti kidogo cha kuvaa shingoni. Gawanyeni madarasa. Mpeni mwalimu siku ya kupumzisha koo. Masahaba walipopaza sauti sana katika dhikri wakiwa safarini, Mtume (S.A.W.) aliwaambia wajihurumie nafsi zao, kwani wanayemwomba si kiziwi wala hayuko mbali. Basi na sisi tujihurumie.

Maimamu na waumini, aliyepoteza sauti msimfukuze kwenye kazi ya kheri. Kusoma kwa sauti katika swala ya jahari ni sunna, si nguzo. Swala ya mwenye sauti dhaifu ni sahihi, na asiyeweza kabisa kutamka ana udhuru wake mbele ya Mola wake. Mtume (S.A.W.) mwenyewe katika maradhi yake ya mwisho aliswalisha akiwa amekaa, na Abubakar (R.A.) akawa anawasikilizisha watu takbira. Kiumbe bora kuliko wote, sauti yake ilipodhoofika, hakuachwa; alisimamishiwa mtu wa kuifikisha. Huo ndio mfano wetu. Mwalimu wetu asikilize makosa ya hifdhi, asahihishe mbao, aandike, apange masomo, na kijana mmoja awe sauti yake. Na mshahara wake usikatwe hata shilingi.

Kwa hiyo mchango nitautangaza, lakini mchango mwingine: wa nauli ya kwenda hospitali ya rufaa, wa mazoezi ya sauti, na wa matumizi ya nyumbani kwa miezi atakayokuwa akipumzika. Huo ni mchango ambao nikiulizwa mbele ya Mwenyezi Mungu pesa ya mama wa vitumbua ilikwenda wapi, nina la kujibu.

Ewe Mola wetu, uliyemfungulia Musa fundo la ulimi wake, wafungulie ndugu zetu waliofungika sauti. Waongoze watafiti wakweli wafikie dawa yenye manufaa, na utukinge na wanaofanya biashara kwa machozi ya wagonjwa. Utujaalie tuzitumie sauti zetu katika yanayokuridhisha kabla hazijanyamaza. Aamin.

Wallahu a'alam. Wabillahi tawfiq.

Ukiona lina faida, lifikishe kwa mwalimu mmoja wa madrasa unayemjua, na umuulize koo lake linaendeleaje.